Baraza Likifa, Nani Mrithi?

Mtu mwenye shamba akifa, siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo hukutana. Huuliza mambo matatu: aliacha nini, anadaiwa na nani, na ni nani atakayewatunza wale aliokuwa akiwatunza. Hatujapata kuona mzee mwenye akili asemaye, "Mali yake na iendelee," kisha akatwaa fimbo yake akaenda zake. Lakini baraza la wilaya au la mji likifa, ndivyo tufanyavyo. Twashangilia baraza jipya, wala hatuulizi habari za urithi wa lile la kale.

Tutwae mfano wa Kenya. Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ikaamuru kuwe na kaunti 47. Wakati ule nchi ilikuwa na mabaraza 175. Katiba haikuyaua siku ile. Yaliachwa yaendelee kwa muda, yakaisha baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Tena iliagiza kwamba sheria za zamani ziendelee kutumika, zikisomwa kwa kupatana na Katiba, na kwamba kila chombo kipya kiwe mrithi wa kile cha zamani kilicholingana nacho. Maneno hayo ni mema, nasi hatuyadharau. Pasipo hayo, leseni ya mwenye duka ingalikuwa karatasi tupu, na mfagiaji wa soko asingalijua bwana wake ni nani.

Lakini shida imo katika neno hilo "kilicholingana". Kaunti ya Kiambu peke yake ilirithi mabaraza ya Thika, Ruiru, Limuru na mengine: baba wengi, mtoto mmoja. Tena kazi hazikwenda mahali pamoja. Masoko, zahanati na makaburi yaliwekwa chini ya kaunti. Shule za msingi zikawa kazi ya Serikali ya taifa. Basi, shule iliyojengwa juu ya kiwanja cha baraza, hati yake aishike nani? Neno la jumla haliwezi kujibu swali hilo. Orodha ndiyo ijibuyo.

Jambo zito kuliko yote ni ardhi. Zamani mabaraza ya wilaya yalishika ardhi ya amana kwa ajili ya wenyeji. Katiba iliiita ardhi ya jamii, ikasema kwamba ile isiyoandikishwa ishikwe na serikali za kaunti kwa niaba ya wenyewe. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii, ielezayo jinsi jamii iwezavyo kuandikisha iliyo yake, haikupatikana mpaka mwaka 2016. Miaka mitatu mwenye kutunza amana alikuwa amekwisha badilika, na mwenye mali hajapewa njia ya kuandika jina lake!

Watu wengine hutujibu, "Je, hapakuwa na Mamlaka ya Mpito?" Naam, ilikuwapo. Sheria ya mwaka 2012 iliiweka, ikaiagiza iandike mali na madeni ya mabaraza, na kukataza mali isihamishwe pasipo idhini yake. Lakini umri wake ulikuwa umepimwa: miaka mitatu baada ya uchaguzi. Ulipokwisha mwaka 2016 hesabu ilikuwa haijakamilika, ikaachiwa kamati nyingine. Hatuwalaumu makarani. Twalaumu utaratibu, maana warithi waliingia nyumbani kwanza, na hesabu ikafuata nyuma.

Wengine husema kwamba haraka ilikuwa lazima, kwa kuwa watu walikuwa wamechoshwa na mabaraza ya kale. Hatubishi kwamba walichoka. Lakini toka Agosti 2010 mpaka Machi 2013 ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Je, kuhesabu viwanja vya soko kwahitaji kungoja uchaguzi?

Kwa hiyo twasema, na nchi yoyote itakayo kubadili mabaraza yake na isikie: baraza lisivunjwe kabla daftari lake halijasomwa mbele ya watu. Kila kiwanja, kisima na jengo liandikwe pamoja na jina la mrithi. Madeni na haki za uzeeni za wafanyakazi ziandikwe ukurasa uo huo, maana arithiye shamba hurithi na deni lake. Tena kila sheria ndogo ya zamani iwekewe siku ya mwisho, ili mtu asitozwe ushuru na sheria ambayo hata mtozaji hajui kama ingali hai.

Nasi wanakijiji tusikae kimya. Tuweke stakabadhi zetu. Tuandike soko letu, malisho yetu na makaburi yetu, mipaka na mashahidi, nakala moja kwa mzee wa kijiji na nyingine kwa mwalimu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mali ya mtu mmoja ikipotea, walia watoto wake, mali ya baraza ikipotea, hakuna aliaye, kwa sababu kila mtu adhani ilikuwa ya mwingine.