Gundi au moto?
Pikipiki ikishalazwa ubavu, kwado, yaani fundi wa pancha, wa Kalemie nchini Kongo ana swali moja tu: gundi au moto? Kwa mizunguko ya mjini gundi yatosha, mradi asiwe na papara. Tyubu isuguliwe mpaka ipoteze mng'ao, gundi ipakwe nyembamba, iachwe hadi isinate kidoleni, ndipo kiraka kigandamizwe. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi kwa sababu abiria ananung'unika, kisha wanalaumu kiraka. Ila kwa anayekwenda mbali, Nyunzu au Moba, amepakia watu wawili na gunia la unga, mimi nachagua moto. Tairi lenye mzigo huchemka, na joto ndilo adui wa gundi. Kipande cha mpira mbichi huwekwa juu ya tundu, tyubu ikabanwa chini ya pistoni kuukuu, petroli kidogo humiminwa ndani ya pistoni hiyo, kiberiti kikawashwa. Mpira unaiva na kushikana na tyubu. Moto ukizidi tyubu inaungua, kwa hiyo chagua mkono wa fundi kabla ya bei yake. Tundu likiwa kwenye shina la valvu usibishane, nunua tyubu mpya. Na kabla tairi halijarudi kwenye rimu, fundi apapase ndani kwa vidole: mwiba ukibaki humo, utamlipa mara mbili siku hiyo hiyo.