Futari, kamera na orodha ya sheha

Kila mwaka mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, simu za Wazanzibari huanza kujaa picha za namna moja. Polo za mchele zimepangwa, pembeni mafuta ya kupikia, sukari na tende. Nyuma limetundikwa bango lenye nembo ya mfadhili. Mbele amesimama bibi wa kanga mbili, ameshikishwa polo ambalo peke yake hawezi kulibeba, macho kayapeleka kwingine. Picha hiyo hupigwa Mjini, hupigwa Pemba, hupigwa huku Kusini kuanzia Makunduchi hadi Kizimkazi. Na kila mwaka, kabla ya Ramadhani kufika kumi la pili, mabishano huwa yaleyale: huyu anasema mtoaji anatafuta sifa, yule anamjibu kwamba bora anayetoa na kamera yake kuliko anayelaumu na mkono mtupu.

Jibu hilo la pili lina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mama mwenye watoto watano wa kufuturisha hana nafasi ya kupima nia ya aliyeleta unga. Hata dini haikukataza kutoa hadharani: Qurani inataja kutoa kwa wazi kuwa ni jambo jema, na kumpa fakiri kwa siri kuwa ni bora zaidi. Kilichokemewa hasa ni masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea mpaka wema wenyewe ukawa uchungu. Kwa maoni yangu picha ya uso wa mpokeaji ikishaingia mtandaoni inakuwa masimbulizi yasiyo na mwisho. Msimbulizi wa zamani alichoka, akanyamaza, akafa. Picha haichoki, na mjukuu wa yule bibi ataikuta siku moja akiwa darasani na wenzake.

Hata hivyo, nia ya mtoaji anaijua Mungu, na kuigombania kila mwaka hakujatufikisha popote. Swali linalotuhusu sisi wote ni jingine. Mambo yanapokuwa mabaya, mtu wa Kizimkazi hutegemea nini ili alale na matumaini ya kesho? Hutegemea wema unaokuja kwa msimu, au kitu ambacho ana hakika kitakuja?

Mwaka 2020 ulitupa mtihani wa swali hilo. Mwezi Machi, kwa sababu ya janga la korona, ndege za watalii zilisimama. Mwaka uliotangulia Zanzibar ilikuwa imepokea wageni zaidi ya 538,000. Hesabu ya 2020 ilipofungwa walikuwa kama 260,000, na Aprili na Mei ilikuwa kama hawapo kabisa. Kizimkazi Mkunguni, boti ambazo kila alfajiri huwapeleka wageni kuangalia pomboo zilikaa juu ya mchanga. Vijana waliokuwa wakifanya kazi hoteli za Paje, Jambiani na Nungwi walirudi kwa wazee wao. Hoteli zikifungwa, mnunuzi mkubwa wa pweza na kamba naye hayupo, kwa hiyo hata aliyerudia mshipi na nyavu alikuta bahari inatoa lakini soko halipokei. Juu ya hayo ikaja masika, miezi ambayo hata katika mwaka wa neema pesa ya utalii hukauka. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, katikati ya mvua.

Misaada ilikuja, na waliopokea walishukuru. Lakini polo la mchele la kilo 25 katika nyumba ya watu wanane halivuki kumi la pili. Siku zilizobaki watu walivushwa na mambo ambayo hayakupigwa picha, kwa sababu hakuna aliyeyaona kuwa ni msaada.

Chukua uvutaji wa vyombo pwani. Maji yakiwa mbali na chombo kinatakiwa kipandishwe, aliye karibu hutia mkono. Halipwi ujira, hupewa kitoweo. Mzee aliyekwisha nguvu hushika naye, na wanaovuta wanajua fika kwamba mkono wake hauongezi kitu. Hupata samaki wake sawa na wengine, akaondoka bila kutoa shukrani ndefu, maana mbele ya watu ametoka kazini. Au sahani ya futari inayofunikwa kawa na kupewa mtoto aipeleke nyumba ya pili kabla ya adhana ya Magharibi. Kesho yake sahani inarudi na kitu ndani, hata kama ni vipande vitatu vya muhogo wa nazi, na hapo hakuna tena mtoaji wala mpokeaji, wapo majirani wawili. Upatu nao ni hivyohivyo: wanawake wanapokubaliana kumpisha zamu aliyeachishwa kazi, pesa anayoshika ni yake, imetangulia tu. Hakuna anayebaki na deni la kuonewa huruma. Nadhani hapo ndipo matumaini yanapotoka, katika kujua kwamba jioni chombo kitafika pwani na kamba itakuwapo ya kushika.

Nisiwapambe watu wa kijijini kupita kiasi, maana wema wa aina hii una mipaka yake, na mipaka hiyo ni mikali. Unamfikia mwenye ukoo na mwenye jirani wa miaka. Kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi hotelini, amepanga chumba kimoja, hana shamba wala shangazi, sahani hazimpitii. Mjane aliyekosana na mawifi zake naye anaweza kukaa hadi sikukuu mlango haujagongwa. Na siasa je? Kabla ya maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, yalikuwapo maeneo visiwani ambako watu wa vyama viwili hawakualikana harusini wala kuzikana. Damu iliyomwagika katika maandamano ya Januari 2001 ilikuwa bado mbichi. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa ilipopita kwa karibu theluthi mbili, Ramadhani ilikuwa imebakiza chini ya wiki mbili kuingia, na waliofuturu pamoja mwaka ule baada ya miaka ya kununiana wanajua kwamba ujirani unaosifiwa sana katika hotuba ulikuwa umeweza kufa kwa sababu ya rangi ya bendera. Makunduchi, si mbali na Kizimkazi, wao wana dawa yao ya kununiana: kila Julai siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hutandikana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe. Wapo masheikh wasioipenda mila hiyo, na mimi si mtu wa kuamua ugomvi wao, ila nikiri kwamba kamati nyingi za upatanishi zimefanya kazi mbaya kuliko mgomba.

Kwa wale ambao ujirani hauwafikii, panahitajika orodha. Neno hilo halina utamu, lakini Wazanzibari tulilijua uzito wake Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10, ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi, imejaa watu na mizigo. Asubuhi wavuvi wa Nungwi na wenye boti za utalii waliingia baharini bila kuulizana nani atalipa mafuta. Watu walikuwa wameshikilia magodoro yaliyoelea, wakatolewa mmoja mmoja. Ule ni wema ambao hakuna sheria inayoweza kuuamuru. Lakini meli ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu kama 600, na waliookolewa peke yao walizidi idadi hiyo. Hapakuwa na orodha ya kweli ya abiria, kwa hiyo hata waokoaji walipochoka hakuna aliyejua wamebaki wangapi, na familia nyingi hazikupata mwili wala jibu. Moyo mwema ulifanya kazi yake yote siku ile; aliyekosa kufanya yake ni karani bandarini.

Katika shehia, karani huyo ni sheha. Polo za Ramadhani hupita mikononi mwake, kwa sababu mfadhili kutoka Mjini hamjui mjane wala yatima wa Kizimkazi Dimbani. Sheha ni mteule wa serikali, hakupigiwa kura, na mwenye kinyongo cha kisiasa hudhani jina lake lilirukwa makusudi. Mara nyingine anadhani vibaya, mara nyingine anadhani sawa. Kwa vyovyote, orodha ikiwa ya wachache waliochaguliwa kwa umaskini wao, kuingia kwake kuna aibu na kukosekana kwake kuna chuki. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, umejaribu kupunguza ubishi kwa kuwaita wanakijiji mkutanoni wataje wenyewe nani hana. Haki inaongezeka kidogo, aibu inabaki palepale.

Ndiyo maana naiona Pensheni Jamii kuwa jambo la wema kubwa zaidi lililofanywa visiwani katika miaka ya karibuni, ingawa hakuna anayeiita wema. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi humlipa kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70, awe na duka Darajani au awe na mguu mmoja wa mnazi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni kidogo, na miaka 70 ni mbali kwa mtu aliyeanza kuvua akiwa na kumi. Lakini bibi wa Kizimkazi anayekwenda kuchukua elfu hamsini zake hapigwi picha ameinamisha kichwa. Amechukua chake. Anaweza kuwanunulia wajukuu mchele wa Idi na kumpa kila mmoja mkono wake wa sikukuu, yaani siku ile naye akawa mtoaji. Sijaona futari ya wafadhili iliyoweza kumfanyia mtu hivyo.

Wapo watakaosema pensheni ya serikali inaua moyo wa kutoa, kwamba watu watasema serikali ipo, wakafunga mifuko. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Uislamu wenyewe usingeweka wema wa lazima kando ya ule wa hiari. Zakatul-fitri ina kipimo chake, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani, hata mtoto mchanga, na ina saa yake: itoke kabla ya sala ya Idi, ili maskini asizunguke akiomba siku ambayo wenzake wanafurahi. Hakuna aliyewahi kusema fitri imeua sadaka. Kwa karne nyingi vimekaa pamoja, na anayepokea fitri hadaiwi hotuba ya shukrani kwa sababu anajua mtoaji alikuwa anajitoa katika deni.

Na kuhusu sifa, tusijifanye kwamba wazee wetu hawakuipenda. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani, tarehe yake mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na yamemtaja kwa heshima zote mtu aliyeamuru ujenzi. Jina limekaa pale miaka zaidi ya mia tisa, na msikiti umejengwa upya katika karne ya kumi na nane bila maandishi hayo kufutwa. Sawa, aliyetoa katajwa. Waliotawadha pale wakiwa na njaa hawakutajwa hata mmoja. Mfadhili wa leo anayetaka jina lake lionekane anaweza kuridhika na mpaka huohuo: apige picha polo, apige picha risiti, aandike jina lake kwenye bango kwa herufi anazozitaka. Shirika linalochangiwa na watu linahitaji ushahidi kwamba mchele ulifika, hiyo ni haki yake. Saini ya sheha na idadi ya nyumba vinatosha kuutoa. Uso wa mpokeaji hauthibitishi chochote ambacho risiti haikuthibitisha.

Kuna jingine ambalo wafadhili wetu hawajalipigia hesabu. Mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa jua. Mwaka 2020 Ramadhani ilikutana na masika, kwa hiyo polo zilifika watu wakiwa wamekaukiwa kweli. Mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi. Mwaka 2030 zitaingia Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, na zote mbili zitaangukia kaskazi, wakati Kizimkazi imejaa wageni, boti hazipumziki na hoteli zinanunua kila pweza anayetoka majini. Visiwa vilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024. Tuseme hesabu hiyo itapanda. Basi misaada itamiminika katika miezi ambayo kijiji kina pesa, na Mei, mvua ikinyesha na vyumba vya hoteli vikiwa vitupu, hakutakuwa na bango wala kamera.

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, ina mamlaka ya kisheria juu ya zaka na wakfu, na wakfu ulibuniwa kwa kazi hiihii ya kuhamisha neema ya msimu mmoja kwenda mwingine: nyumba ngapi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu ili kodi yake ilishe watu mwaka mzima? Nusu ya kinachonunuliwa polo za Ramadhani kikiwekwa kwenye mfuko wa namna hiyo, kilipwe Mei, kilipwe kwa umri au kwa idadi ya watoto pasipo kumtaka mtu aeleze shida zake, na kijana wa bara mwenye chumba cha kupanga ahesabiwe kama mkaazi wa shehia, mfadhili atapoteza picha yake tu. Ramadhani ya kwanza ya 2030 si mbali. Anayetaka kuanza mfuko huo ana masika chache tu za kujaribia.