Umaskini Una Historia, Tuisome

Nimechoka kusikia kwamba maskini ni mvivu. Neno hili sasa linasemwa kila mahali hapa Dodoma: ndani ya daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, hata madhabahuni, ambako ningetegemea wanaoyajua Maandiko waone haya kidogo. Kijana ameamka alfajiri, ameendesha bodaboda ya mtu hadi usiku, amepeleka hesabu kwa tajiri kabla hajanunua unga wake, halafu anaambiwa abadili fikra. Na kitabu cha siri za utajiri anauziwa. Aliyekiandika anatajirika kweli, maana siri yenyewe ndiyo hiyo.

Sina ugomvi na kazi. Sisi ni watu wa dini, Wakristo kwa Waislamu, na hakuna kati yetu anayehitaji kufundishwa kwamba jasho ni heshima. Ninaougombeza ni uvivu wa namna nyingine, uvivu wa kusoma. Vitabu vya wajamaa vinavyoeleza ubepari ulizaliwaje na unaishije vipo kwa zaidi ya miaka 150, na vingine viliandikwa hapa hapa Tanzania. Lakini mtajie msomi wa leo jina la Karl Marx, atacheka na kukwambia kwamba mambo hayo yalikufa na foleni za sukari za enzi ya ujamaa. Haya, Mgala muue na haki yake mpe. Foleni zilikuwepo, nami sizitetei. Ila daktari aliyekosea dawa si lazima awe amekosea na ugonjwa.

Mwishoni mwa kitabu cha kwanza cha *Das Kapital*, kilichotoka mwaka 1867, Marx aliuliza swali ambalo mtoto yeyote wa darasa la tano angeliuliza kama asingetishwa: tajiri wa kwanza kabisa alipata wapi mtaji? Wenye mali walikuwa na jibu lao. Hapo zamani za kale palikuwa na wachapakazi waliojiwekea akiba, na wavivu waliokula vyote. Marx aliikejeli ngano hiyo, akafungua kumbukumbu za Uingereza. Akaonyesha wakulima walivyofukuzwa mashambani, malisho ya wote yalivyozungushiwa ua, na waliobaki bila ardhi walivyochapwa viboko kwa mujibu wa sheria kwa kosa la kuzurura. Akaonyesha pia Waafrika walivyouzwa ng'ambo ya bahari. Hubiri la uvivu ni la zamani basi, na tangu mwanzo lilikuwa la kumfunika mwizi.

Lakini kwa nini tupande ndege hadi Uingereza? Wazee wa Ugogo waliijua biashara kabla Mzungu hajatia mguu. Misafara ya pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na watemi wakaitoza hongo barabara, maana maji katika nchi hii kavu yalikuwa yao. Soko lilikuwepo, faida ilikuwepo. Ubepari haukuwepo bado, kwa sababu mwenye shamba la uwele na zizi la ng'ombe hakuwa na haja ya kwenda kumuuzia mtu nguvu zake. Ilibidi ahitajishwe. Mwaka 1897 Wajerumani wakatangaza kodi ya nyumba, Waingereza nao wakaja na zao, na mtu akaanza kuuza ng'ombe au kufunga safari ya mashamba ya mkonge. Huko alipewa kipande cha siku 30 na jina jipya, manamba. Kodi ilijaza hazina, ndiyo, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kumng'oa mtu kwake. Na walowezi waliokosa vibarua walilalamika nini? Kwamba Mwafrika ni mvivu! Ndugu msomaji, umeona neno letu la vijiweni limetoka kwa nani?

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo na kuwakokota wanaume kwenye upagazi. Mvua iliposhindwa hapakuwa na akiba. Njaa ile ya 1918 hadi 1920 wazee waliiita Mtunya. Tunapenda kusema ng'ombe wa maskini hazai, tukatikisa kichwa na kuendelea na chai. Tungeuliza kwanza ndama alichukuliwa na nani.

Kongwa nayo ni darasa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori pale kwa ajili ya karanga, wazo lililotoka kwa United Africa Company, kampuni ya Unilever. Walikusudia ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikosa mafuta ya kula. Udongo ukakauka ukawa sakafu, mvua ikagoma, na kufikia 1951 mradi umeachwa, pauni milioni 36 zimeteketea. Waziri aliyeusimamia, John Strachey, katika miaka ya 1930 alikuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya Kimarx. Kwa hiyo wanaodhani kuvaa fulana nyekundu kunatosha, wamtazame huyo. Mjamaa akikalia kiti cha dola ya kikoloni atafanya kazi ya kiti.

Na sisi tusijitoe. Jarida la *Cheche*, lililoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilipigwa marufuku mwaka 1970, katikati ya ujamaa. Mwanazuoni Issa Shivji alipoandika mwaka 1976 kuhusu mapambano ya matabaka nchini, aliwanyooshea kidole wakubwa wa serikali na mashirika ya umma, akisema nao wamegeuka tabaka. Walter Rodney, aliyetuandikia mwaka 1972 jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alikuwa mwalimu hapo hapo Dar. Urithi gani mkubwa kuliko huo, nasi tumeuacha uliwe na mchwa.

Jinsi ubepari ulivyozaliwa ni nusu tu ya somo. Unaishije? Mwitaliano Antonio Gramsci, aliyefungwa na Mussolini mwaka 1926, aliandika gerezani kwamba tabaka linalotawala haliishi kwa rungu peke yake. Huwafanya watawaliwa waone mambo kwa macho yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Tazama mikopo ya kausha damu. Mama wa genge anakopa asubuhi, anarejesha kila siku, riba inamla mpaka kitanda, na bado anajilaumu mwenyewe.

Na anakopea nini? Hapa nitasema hata kama nitanuniwa. Anakopea michango ya harusi! Kadi ya sendofu, kadi ya kichen pati, kadi ya harusi yenyewe, sare, ukumbi, keki ya ghorofa. Mtoto wa mtu anakosa daftari kwa sababu mama yake kapangiwa kiwango na kamati. Tumekuwa watoza kodi wa sisi kwa sisi, na Mjerumani hayupo.

Turudi kwenye ardhi, maana hapo ndipo somo linapotuchoma. Sheria za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Lakini pembezoni mwa jiji hili mkulima anauza shamba la urithi kwa dalali kwa bei ya pikipiki, linapimwa viwanja, linauzwa kwa mita, na mwanawe anaajiriwa kulinda geti palipokuwa na zizi lao. Tunaolima zabibu tunalijua shamba la mizabibu la Nabothi, na tunajua Ahabu na Yezebeli walilipataje: kwa mashahidi wa uongo na mihuri halali. Tunalihubiri Jumapili, Jumatatu tunasema mkulima yule alikosa akili ya biashara.

Vijana wa vyuo vya Dodoma, mna vichwa vyepesi na lugha mnazo. Vitabu hivi vingi ni vya Kiingereza, basi msomeeni baba zenu kwa Kiswahili, sura moja kwa juma, anayepinga apinge. Kamati ya harusi hukutana kila Jumamosi miezi mitatu, ina mwenyekiti, mweka hazina, na faini ya kuchelewa. Mimi naomba nusu tu ya mahudhurio hayo.