Goti Bovu Si Ruhusa ya Kukaa Kitako



Tunapozungumza juu ya usalama kazini, kwa kawaida tunazungumza juu ya kofia, miwani, viatu na vifuniko vya masikio. Goti tunalisahau. Lakini angalieni kazi yetu. Kuna anayepanda na kushuka ngazi za chuma za mashine kubwa mara ishirini kwa zamu. Kuna anayepiga magoti ili kufunga bolti. Kuna anayetembea siku nzima juu ya mawe yaliyopasuliwa, na kuna anayeruka kutoka juu ya kamio badala ya kushuka pole pole. Katika nchi za Ujerumani na Ufaransa, kuharibika kwa gegedu za goti, ile mito laini iliyo kati ya mifupa, kumeandikwa katika sheria kati ya magonjwa yanayoweza kuletwa na kazi. Basi mtu asione haya kumwambia mkubwa wake wa kazi au mganga kwamba goti linamuuma.

Lakini leo tunataka kusema neno ambalo wengine hawatalipenda. Mara nyingi si ajali ya goti inayommaliza mfanyakazi. Kinachommaliza ni ule mwaka mzima wa kukaa kitako baada ya ajali.

Tazameni namna mambo yanavyokwenda. Mtu ameumia. Mganga amempa mapumziko, na hiyo ni haki yake. Kisha anapewa kazi nyepesi: kukaa mlangoni, kuandika majina, kulinda ghala. Sahani yake ya bukari inabaki ile ile ya wakati alipokuwa akibeba vyuma. Chupa zake za Jumamosi zinabaki zile zile. Nyama za paja, ambazo kazi yake ni kulishika goti lisiyumbe, zinakonda juu ya kukosa kazi. Tumbo linakua. Sasa goti lenye nguvu kidogo linabeba mtu mzito zaidi. Linauma zaidi, naye anakaa zaidi. Baada ya hapo yanakuja tansio na ugonjwa wa sukari. Mtu aliyeumia mguu tu anaweza hatimaye kuikosa kazi yote, na watoto wanakosa wa kuwalipia masomo.

HESABU YA KILO

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapima wazee wanene wenye magoti mabovu. Waliona kwamba kila kilo 1 anayopunguza mtu inalipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Anayepunguza kilo 5 ameliondolea goti kilo 20 kila anapokanyaga. Anayepunguza kilo 12 na nusu ametua mfuko mzima wa simenti wa kilo 50. Nani kati yetu angekataa kuutua mfuko huo?

Mwaka 2013 utafiti mwingine wa Marekani ulitoa matokeo yake. Watu 454 wenye uzito mwingi na magoti mabovu walifuatwa kwa miezi 18. Wengine walipunguza chakula tu, wengine walifanya mazoezi tu, na wengine walifanya yote mawili pamoja. Waliofanya yote mawili ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Ndiyo sababu tunasema: sahani na mazoezi ni miguu miwili ya mtu mmoja.

TUANZE NA SAHANI

Wengi wanafikiri kwamba jasho peke yake litaondoa tumbo. Tupige hesabu. Chupa moja kubwa ya bia, ya sentilita 72, ina kalori 300 hivi. Mtu wa kilo 80 anahitaji karibu saa 1 ya kutembea kwa mwendo mzuri ili azimalize. Anayekunywa chupa tatu jioni anadaiwa saa tatu za njia, na kwa goti bovu deni hilo halilipiki. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya ngazi kina kalori 120 hivi. Mama akimimina bila kupima katika sombe, mboga nzuri inageuka kuwa mzigo.

Hatusemi mtu aache bukari. Tunasema sahani igawanywe: nusu iwe mboga, sombe au matembele au lengalenga yenye mafuta kidogo, robo iwe maharagi, samaki au nyama, robo inayobaki iwe bukari. Vinywaji vya sukari viwe vya sikukuu, na kiu ikatwe kwa maji.

MAZOEZI YASIYOPIGA GOTI

Muulize kwanza mganga aliyekutibu. Akikubali, fuata haya:

1. Kitini. Kaa, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka paja likaze, hesabu mpaka 5, shusha pole pole. Fanya mara 10 kwa kila mguu, kisha pumzika na urudie mara mbili. Hayahitaji franga hata moja, na yanarudisha nyama za paja.

2. Kutembea mahali tambarare. Anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na viatu vinavyoshika mguu, si makandala. Kila juma ongeza dakika chache. Kama unatumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

3. Kinga, ndiyo baiskeli. Kiti kinabeba uzito wako, goti linazunguka tu. Inua kiti mpaka mguu ukifika chini uwe karibu kunyooka, lakini goti libaki limepinda kidogo. Kiti kikiwa chini sana, goti linabanwa na kuuma. Pita njia tambarare, na usibebe gunia la makala.

4. Maji. Penye bwawa safi la kuogelea, kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani ni dawa nzuri, kwa sababu maji yanakubeba. Lakini usiende ziwani wala mtoni kwa ajili hiyo. Huko kunaweza kuwa na bilharzia na mamba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa juma, na mazoezi ya kutia nguvu siku mbili au zaidi. Usikimbilie hesabu hiyo juma la kwanza. Ifikie ngazi kwa ngazi.

Sheria ya maumivu ni hii: goti likiuma kidogo wakati wa zoezi na kutulia baadaye, endelea. Likiwa bado linauma zaidi kesho yake asubuhi, umezidisha; punguza. Acha kwa sasa mpira wa miguu, kuruka kamba, kuchuchumaa sana na kuteremka mlima mbio.

Goti likivimba na kuwa la moto pamoja na homa, likikwama bila kunyooka, likikuangusha ghafla, au nyuma ya mguu chini ya goti ikivimba na kuuma, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, msidanganywe na vidonge vya sokoni. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku bila mganga zinaweza kutia vidonda tumboni, kuumiza figo na kupandisha tansio. Deksametazoni inatuliza maumivu, lakini ukiizoea inanenepesha, inapandisha sukari katika damu na kudhoofisha mifupa. Huko ni kuuza mguu wote ili kununua siku moja ya nafuu.

NENO KWA JAMAA NA WAKUBWA WA KAZI

Katika kambi zetu, tumbo la baba linahesabiwa kama alama ya mshahara mzuri. Mtu akipungua kilo tano, majirani wananong'ona kwamba ana ugonjwa mbaya, na bibi yake anaulizwa kama kweli anampikia. Manung'uniko hayo yamewarudisha wengi kwenye sahani kubwa. Tuyaache. Anayepungua kwa shauri la mganga anastahili kusifiwa mbele ya watu. Akina mama, ninyi ndio mnaoshika kijiko cha mafuta. Magoti ya nyumba nzima yako mikononi mwenu, na yenu pia, ninyi mnaobeba maji na kulima kwa kuinama.

Na kwenu, wakubwa wa kazi: kazi nyepesi isiwe kifungo cha kitini. Aliyeumia goti anaweza kupewa kazi ya kusimama kidogo, kutembea kidogo na kukaa kidogo. Mwacheni anyooke dakika tano kila saa. Dakika hizo ni rahisi kuliko kumpoteza fundi wa miaka ishirini.

Goti halijengwi kwa siku moja, wala tumbo halikuja kwa siku moja. Leo jioni, kabla ya kula, kaa kitini na unyooshe mguu mara kumi. Kisha mwambie mama apunguze bukari robo. Kesho fanya tena hivyo hivyo.

Usalama kazini, afya nyumbani.