Mchuzi wenye jina letu

Anayetaka kuwajua watu wa Thailand, mimi humwambia aanzie chunguni. Wana mchuzi uitwao massaman, na wajuzi wengi hulirudisha jina hilo kwenye neno Musulmani. Una tui la nazi, mdalasini, iliki na karafuu. Mpishi wa Lamu asingeuona mgeni, ila karanga zake. Mwaka 2002 serikali ya huko ilianza kueneza mikahawa yake ulimwenguni. Chakula kikasifiwa. Je, Waislamu wenyewe? Oktoba 2004, mwezi wa Ramadhani, waandamanaji 85 walikufa Tak Bai, kusini, 78 kati yao kwa kurundikwa ndani ya malori ya jeshi. Oktoba 2024 muda wa kushtaki ukaisha, pasi na mshtakiwa hata mmoja kufika mahakamani.