Mgeni wa Sebuleni

Kila mwaka, katika usiku mmoja wa mwishoni mwa Januari, watu wa kujitolea nchini Marekani hupita na tochi chini ya madaraja na katika nyumba za hifadhi wakiwahesabu wasio na makazi. Januari 2024 walihesabiwa watu 771,480. Hesabu hiyo ilianza mwaka 2007 na ilikuwa haijapata kufikia kiasi hicho. Kwa mwaka mmoja tu iliongezeka kwa asilimia 18. Zaidi ya theluthi yao hawakuwa na hata kitanda cha hifadhi. Familia zenye watoto ziliongezeka kwa asilimia 39.

Tusiseme ni walevi na wavivu. Kodi za nyumba zimepanda kuliko mishahara. Tena askari wastaafu wasio na makazi wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2010, kwa kuwa serikali iliwapa ruzuku ya kodi na watumishi wa kuwafuatilia. Penye nia pana njia.

Lakini kuna wasiohesabiwa. Familia iliyopoteza nyumba ikajisitiri sebuleni kwa ndugu haimo katika idadi ile, ingawa wengi wanaobisha hodi hifadhini hutokea huko huko.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Katika miji yetu, hifadhi ya aliyeshindwa kodi ni sebule ya shangazi na mkeka kwa baba mdogo. Je, ni wangapi waliotoka humo bila ya kufukuzwa, wakiondolewa na masimango tu: sukari iliyokwisha upesi, maji yaliyomwagwa, mtoto aliyelia usiku?

Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina palikuwa na kibanda cha Suffa, walimokaa masahaba wasio na nyumba wala jamaa, akiwemo Abu Huraira. Waliitwa wageni wa Uislamu, hawakuitwa mzigo.

Basi, wazazi wenzetu, aliyepo sebuleni kwenu leo msimwachie shangazi mmoja. Ukoo ukutane mapema, kabla mwenyeji hajachoka na mgeni hajavunjika moyo, mkubaliane atakaa hadi lini na atasaidia nini. Kisha mchangieni kodi ya chumba, hata kama mwenye nyumba anadai ya miezi sita kwa mkupuo. Tunaoweza kuchangia harusi ya siku moja hatushindwi na hilo.

Wabillahi tawfiq.