KISU CHA KUKUNJA: TUNUNUE KIPI?

Zamani, mkulima wa pande hizi za Busia aliyetaka jembe au kisu hakuhitaji kusoma jina lililopigwa juu ya chuma. Wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma katika vilima vyao, na majembe yao yaliuzwa mbali kandokando ya Ziwa Victoria. Mnunuzi alimjua mhunzi, na kifaa kikivunjika upesi alijua pa kwenda kulalamika. Siku hizi kisu hutoka katika kiwanda ambacho mnunuzi hatakiona kamwe, na badala ya uso wa mhunzi tumebakiwa na jina dogo karibu na mpini. Basi yatupasa tujifunze kulisoma jina hilo, na kujua pia lile lisiloweza kutuambia.

Majina matatu yastahili kujulikana. La kwanza ni Okapi. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, nacho kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hutengenezwa Afrika ya Kusini. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa nyota na miezi ya madini. Ubapa wake ni wa chuma cha pua cha kawaida, ambacho hunoleka upesi lakini hushika kutu. Aina ijulikanayo zaidi ina pete mgongoni: ukiifungua husikika ikilia ta-ta-ta, wala haijikunji mpaka uivute pete hiyo. Bei yake ni ya chini kuliko ya hivi viwili vinavyofuata.

La pili ni Opinel, kisu alichoanza kukitengeneza Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Ukubwa wake hujulikana kwa namba. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, yafaa sana mfuko wa mtu mzima. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya kuzungusha, ambayo huzuia ubapa usianguke juu ya vidole. Ni chepesi na hukata vizuri sana. Ila mpini wake wa mti ukinywa maji huvimba, na kisu huwa kigumu kufunguka. Nasi tunaishi katika nchi ya mvua nyingi.

La tatu ni Victorinox ya Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 alianza kuwapelekea askari wa nchi yake visu. Kile chekundu chenye vifaa vingi, kilichojulikana kwanza kama kisu cha ofisa, kilitokea mwaka 1897. Jina lake limeunganisha Victoria, jina la mama yake, na neno fupi la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Sifa yake ni hiyo hasa: jasho la mfukoni halikidhuru. Kasoro zake ni mbili. Bei ni kubwa, na vile vidogo vingi havina kizuizi cha ubapa; anayekandamiza ncha yake juu ya kitu kigumu aweza kujikata vidole.

Je, kipi ni bora? Swali hili halina jibu mpaka tujue kazi. Karani afunguaye bahasha na kuchonga kalamu atatosheka na Victorinox ndogo. Mkulima apandikizaye vikonyo vya maembe ataka makali membamba yanoleke mara kwa mara. Opinel au Okapi itamfaa, mradi aipanguse na kuipaka mafuta kidogo. Utingo wa lori pale Malaba, akataye kamba za turubai, hana budi kuchagua kisu chenye kizuizi, kwa maana kamba iliyokazwa huvuta ubapa kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye hatari. Jina lililo maarufu ndilo huigwa zaidi. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini ofisa hawezi kusimama katika kila kibanda. Mnunuzi na ajilinde mwenyewe. Soma jina herufi kwa herufi, maana waigaji hubadili moja tu. Fungua kisu, ushike mpini, utikise ubapa kwa upole kushoto na kulia: ukicheza, kirudishe. Kikunje, utazame kama makali yamezama yote ndani ya mpini. Mwisho, linganisha bei: jina kubwa likiuzwa kwa bei ya kikombe cha chai, hilo si jina, ni rangi tu. Na kisu kisicho na jina, lakini kilichokazwa vizuri, ni bora kuliko chenye jina la uongo, kwa sababu angalau hakikudanganyi.

Wahenga walisema, kinolewacho hupata. Nunua kinoo siku ile ile unayonunua kisu. Wengi hukata kwa kisu butu kwa nguvu nyingi, nacho huteleza na kujeruhi mkono.

Neno la mwisho ni kwa wale wavukao mpaka. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, msafiri hukutana na maofisa wa Kenya na wa Uganda mahali pamoja. Kisu chako na kikae kimekunjwa ndani ya mzigo, si kiunoni. Nawe ukiulizwa, sema upesi kwamba unacho na kazi yake ni nini. Kamwe usikichukue mahali penye ulevi au ugomvi, maana huko kifaa cha kazi hugeuka ushahidi mahakamani.